Ziara ya nyayo za wakili Mário Soares, Lisbon: nzuri, ila inairuka Lusaka

Nianze na bei, maana ndilo swali la kwanza mtu wa kwetu atakaloniuliza. Euro 38 kwa mtu mzima, bila tiketi za makumbusho na bila chakula. Kwa hela hiyo unapata mwongozaji mmoja, kijana wa Kireno anayezungumza Kiingereza safi, kikundi kidogo cha wageni, na mzunguko wa kuanzia saa tatu asubuhi hadi alasiri mkifuata maisha ya Mário Soares: wakili aliyefungwa, akahamishwa kwa nguvu, akaishi uhamishoni, kisha akawa waziri wa mambo ya nje, waziri mkuu na hatimaye rais wa Ureno kwa miaka 10. Kampuni siitaji. Ni ya watu wachache wanaotafuta riziki, na malalamiko yangu nimewaandikia wenyewe.

Mimi ni wakili wa kujitegemea Dar es Salaam. Kesi zangu nyingi ni za ardhi na mirathi, za kisiasa ni chache na sizitafuti. Lisbon nilikwenda kumwona mdogo wangu aliyeolewa huko, wanakaa Almada, ng'ambo ya mto Tejo. Mumewe alipoona nimelipia ziara hii alicheka sana. "Shemeji, watu wanakuja Ulaya kupanda boti na kula samaki, wewe umekuja kutalii magereza?" Mwisho wa yote akaja naye, na yeye ndiye aliyekuwa na maswali mengi kuliko Wajerumani wote tuliokuwa nao.

Kituo cha kwanza ni Aljube, jengo zito lililo karibu kabisa na kanisa kuu la Sé, barabara ya kupandia Alfama. Lilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa tangu 1928 hadi 1965, na tangu 25 Aprili 2015 ni makumbusho. Hapa mwongozaji wetu alikuwa kwenye kilele chake. Hakukimbilia kwa Soares. Alituacha kwanza tuingie kwenye vyumba vya upweke ambavyo wafungwa waliviita *curros*, jina la vile vibanda wanavyofungiwa mafahali kabla ya kuingizwa uwanjani. Upana mita moja, urefu mita mbili hivi. Mtu mzima akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili. Shemeji, ambaye ni fundi wa ujenzi, alipima kwa macho na kusema hata stoo ya saruji hawajengi ndogo hivyo.

Ndipo kijana akaanza simulizi. Soares alizaliwa Lisbon tarehe 7 Desemba 1924. Baba yake, João Soares, aliwahi kuwa padri, akaacha, akaingia siasa za Jamhuri ya kwanza, na mwaka 1919 alikuwa waziri wa makoloni kwa miezi michache. Hili la waziri wa makoloni lishike, nitalirudia. Utawala wa kijeshi ulipoingia 1926, na baada yake Salazar, mtawala wa kiimla, mzee akawa mtu wa kuandamwa, akaanzisha shule yake Lisbon, Colégio Moderno. Mmoja wa vijana waliofundisha hapo alikuwa Álvaro Cunhal, ambaye baadaye aliongoza Chama cha Kikomunisti. Alimfundisha Soares jiografia. Miaka zaidi ya 30 baadaye, tarehe 6 Novemba 1975, mwalimu na mwanafunzi walikaa mbele ya kamera za televisheni wakabishana saa nyingi usiku juu ya Ureno iwe nchi ya namna gani, na nchi nzima haikulala.

Soares alikamatwa mara 12 na kukaa ndani jumla ya karibu miaka mitatu. Mwaka 1949 alimwoa Maria Barroso, mwigizaji wa jukwaani, naye bwana harusi yuko kifungoni. Mama mmoja wa Kijerumani alisema hayo ni mapenzi makubwa. Mimi nilichowaza ni karani wa ndoa na makaratasi yake siku ile.

Kitu ambacho sikukijua, na ambacho peke yake kinastahili nusu ya nauli, ni kwamba uwakili haukuwa chaguo lake la kwanza. Shahada ya kwanza, 1951, ilikuwa ya historia na falsafa. Kwa rekodi yake ya polisi hakuwa na njia ya kufundisha shule za serikali, akafundisha kwa baba yake, akarudi chuoni kusoma sheria na kumaliza 1957 akiwa na miaka 32, mke na watoto wawili. Mimi pia nimeanza sheria nikiwa mtu mzima, kwa hiyo hapo nilisimama wima kidogo.

Kutoka Aljube mnashuka kuelekea Baixa na kupanda tena kidogo hadi Boa Hora, mtaa wa Rua Nova do Almada. Ilikuwa nyumba ya watawa kabla ya kugeuzwa mahakama. Tulisimama nje tu, na hapa ndipo ziara ilinigusa zaidi, ingawa hakuna cha kupiga picha. Humo ndimo ilimokaa ile mahakama maalumu ya kesi za kisiasa, *Tribunal Plenário*. Polisi wa siri, PIDE, walichunguza, wakahoji, wakaandaa jalada, na majaji kwa kawaida walilipokea kama lilivyo. Soares alikuwa miongoni mwa mawakili waliosimama upande wa pili mara kwa mara, wateja wake wakomunisti, wanafunzi, wafanyakazi, watu ambao siasa zao yeye mwenyewe mara nyingine hakukubaliana nazo.

Mwongozaji alieleza kitu kinachoitwa "hatua za usalama", na wenzangu wakatikisa vichwa kwa heshima tu, hawakukielewa. Nikaomba nikieleze mimi. Mteja wako amehukumiwa, tuseme, miaka miwili. Anaimaliza. Anabaki ndani, kwa sababu sheria iliruhusu aongezewe kipindi cha miezi sita hadi miaka mitatu kwa kuonekana bado ni hatari, na kikiisha kinaweza kuongezwa kingine. Hapo wakili unamwambia nini mama wa mteja anayekuuliza mwanangu anatoka lini? Huna tarehe. Nilipomaliza kueleza, yule mama wa Kijerumani hakusema tena habari za mapenzi.

Na mawakili wenzangu wa nyumbani wasijione wako mbali. Tanganyika tulitunga Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini mwaka 1962, kabla uhuru haujatimiza mwaka, na ilimruhusu rais kumweka mtu ndani bila kesi kabisa. Shemeji aliniuliza kwa Kiswahili kama nalo nilieleze mbele ya wageni. Nikamwambia hilo la ndani, tutazungumza kwenye basi.

Kesi kubwa kuliko zote za Soares haikuishia Boa Hora. Jenerali Humberto Delgado aligombea urais mwaka 1958 dhidi ya mtu wa Salazar, akatangazwa kushindwa, akakimbia nchi. Februari 1965 PIDE walimvutia mpakani upande wa Hispania, karibu na Villanueva del Fresno, wakamuua pamoja na katibu wake. Soares akawa wakili wa familia. Hebu fikiria maelekezo ya mteja ya namna hiyo: tafuta ukweli juu ya mauaji, na mtuhumiwa ni taasisi ile ile inayoandaa majalada ya mahakama yako. Alikwenda Hispania, akakusanya, akasema hadharani. Machi 1968 akapandishwa ndege hadi São Tomé, kisiwa cha koloni kwenye mstari wa ikweta, bila kesi wala hukumu. Mwaka huo huo Salazar akaanguka kutoka kitini, akashindwa kutawala, na Marcelo Caetano, mrithi wake, akamruhusu arudi. Mwaka 1970 ikabidi aondoke tena, safari hii Ufaransa, akaishi kwa kufundisha vyuoni.

Mpaka hapo ningeipa ziara nyota tano na bahashishi juu.

Chiado mnapitishwa Rua António Maria Cardoso, yalikokuwa makao makuu ya PIDE. Sasa ni nyumba za kifahari. Kuna kibao ukutani cha watu wanne waliopigwa risasi na polisi hao siku yenyewe ya mapinduzi ya jeshi yaliyouangusha utawala huo, 25 Aprili 1974, siku ambayo askari walikuwa wakichomekewa maua kwenye mitutu ya bunduki. Shemeji aliuliza chumba kimoja pale kinapangishwa kiasi gani. Kijana hakujua. Kisha Largo do Carmo, kambi aliyojisalimishia Caetano. Uwanja mzuri, miti, vibanda vya kahawa, tukapumzika. Viatu: vaeni vya raba vyenye kushika. Mawe ya njia za Lisbon ni mazuri kwa macho lakini yanateleza hata yakiwa makavu, na mwenzetu mmoja alikaa chini bila kupenda.

Kwa treni ya chini ya ardhi mnashuka hadi stesheni ya Santa Apolónia. Tarehe 28 Aprili 1974, siku tatu baada ya mapinduzi, Soares alishuka hapa kutoka Paris, umati ukiwa umejaa. Chama chake cha Kisoshalisti kilikuwa na umri wa mwaka mmoja na siku chache. Kilianzishwa 19 Aprili 1973 na wakimbizi waliokutana Bad Münstereifel, mji mdogo wa Ujerumani Magharibi. Wajerumani wetu walifurahi sana kusikia hivyo.

Kijana akaeleza stesheni vizuri, akatazama saa, akasema: "Basi, sasa tunakwenda Belém, kwenye kuingia Ulaya."

Nikamwuliza, na Afrika?

Huu ndio upungufu wenyewe, nao si mdogo. Kutoka 28 Aprili 1974 mnarushwa hadi 12 Juni 1985, siku ya kusaini kuingia Jumuiya ya Ulaya. Miaka 11. Ndani ya miaka hiyo mna mambo ambayo mtoto aliyekulia Kurasini hawezi kuyaruka, kwa sababu Taasisi ya Msumbiji ilikuwa huko huko kwetu, na FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji kutoka kwa Wareno, iliundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962. Ofisi yao ilikuwa Mtaa wa Nkrumah. Eduardo Mondlane, rais wao wa kwanza, aliuawa kwa bomu la kifurushi mjini kwetu, Oyster Bay, 3 Februari 1969. Baba yangu alikuwa karani bandarini, na siku ile, kama alivyotusimulia, nusu ya ofisi iliacha kazi ikabaki imesimama mlangoni.

Kwa hiyo, kwa faida ya atakayelipa euro 38 baada yangu, hiki ndicho wasichowaambieni. Mwezi Mei 1974 Soares akawa waziri wa mambo ya nje. Mapema Juni alikwenda Lusaka kwa mwenyeji Kenneth Kaunda kukutana na Samora Machel, kiongozi wa FRELIMO. Alimkumbatia. Picha ya kumbatio lile ilizunguka dunia, na Ureno wako waliomchukia kwa hilo hadi leo. Lakini mazungumzo yenyewe hayakufika mbali, na ukiwa wakili sababu unaiona mara moja: alikwenda mezani bila mamlaka ya mteja. Jenerali Spínola, rais wa wakati ule, alitaka vita visimame kwanza na mambo mengine yafuate, na moyoni alikuwa bado na ndoto ya makoloni kubaki ndani ya aina fulani ya shirikisho. Samora alisema hasimamishi vita mpaka uhuru utambuliwe. Soares hakuwa na cha kumpa. Sijui kitu cha kuaibisha zaidi katika kazi yetu kuliko kukaa kwenye usuluhishi huku upande wa pili unajua kwamba mteja wako hajakuruhusu kukubali lolote.

Kilichofungua mlango kilifanyika Dar es Salaam. Meja Ernesto Melo Antunes, mmoja wa wasomi wa jeshi lililopindua, alikuja kuzungumza na FRELIMO kimyakimya, na tarehe 27 Julai sheria ikapitishwa Lisbon kutambua haki ya makoloni kujiamulia, uhuru ukiwemo. Tarehe 7 Septemba 1974 mkataba ukasainiwa Lusaka, Soares akiwa miongoni mwa wajumbe, pamoja na wakili mwenzake António de Almeida Santos aliyefanya kazi miaka mingi Lourenço Marques, Maputo ya leo. Uhuru ukapangiwa 25 Juni 1975, siku FRELIMO inatimiza miaka 13. Mtoto wa waziri wa makoloni wa 1919 akaweka sahihi kwenye karatasi ya kuyafunga. Mngenipa mimi kipaza sauti ningesimama hapo nusu saa.

Kijana alinisikiliza, na kwa kumtendea haki, hakujitetea. Alisema ratiba haitoshi, na kwamba wageni wengi wanataka Ulaya. Kisha, tukiwa tunasubiri basi, akatoa kitu ambacho hakimo kwenye ratiba. Bibi yake alizaliwa Beira, Msumbiji, na kukulia huko. Mwaka 1975 alikuja Lisbon na makreti ya vyombo na watoto, mmoja wa karibu nusu milioni ya walowezi waliorudi kwenye nchi ya watu milioni tisa hivi ambayo baadhi yao hawakuwahi kuiona. Hadi anakufa, alikuwa akizima televisheni Soares akitokea. "Alisema huyu wakili alitutetea sisi vibaya kuliko alivyowatetea wakomunisti." Shemeji akamwambia bibi yako alikuwa na haki ya kukasirika, ila hakuwa mteja wake. Kijana alicheka, nami nikaona shemeji angefaa kuwa wakili kuliko kupiga lipu.

Kwa nini hadithi kama hiyo haimo kwenye ziara? Ni bora kuliko nusu ya vituo.

Belém nitaipitia haraka kwa sababu nao waliipitia haraka, isipokuwa foleni ya vitobosha vya maziwa na mayai, *pastéis*, ambayo haikuwa haraka hata kidogo. Vitamu, lakini kusimama kwenye foleni hakuhitaji mwongozaji. Monasteri ya Jerónimos ndipo Soares, akiwa waziri mkuu, alisaini mkataba wa kuingia Jumuiya ya Ulaya, na ndipo mwili wake ulipolazwa Januari 2017 watu wakamuage, kabla ya kuzikwa makaburi ya Prazeres. Alifariki tarehe 7 mwezi huo akiwa na miaka 92. Ndani ya kanisa hilo hilo kuna kaburi la Vasco da Gama, ambaye mwaka 1502 alimtoza mtawala wa Kilwa dhahabu kwa kumtishia mizinga. Dhahabu ile ilitumika kutengeneza chombo cha kanisa ambacho bado kipo Lisbon, kwenye Makumbusho ya Taifa ya Sanaa za Kale. Niliwaambia wenzangu. Wajerumani waliandika.

Juu ya uwaziri mkuu wake nilitaka zaidi. Aliongoza serikali 1976 hadi 1978, na tena 1983 hadi 1985, na mara zote mbili alibisha hodi kwa Shirika la Fedha la Kimataifa. Wareno wenzake walisema ameuweka usoshalisti kwenye droo. Msomaji wa Tanzania anajua ladha ya maneno hayo: miaka hiyo hiyo Mwalimu alikuwa akivutana na IMF, akang'atuka 1985, na mwaka uliofuata Mzee Mwinyi akasaini. Maoni yangu, Soares alikuwa wakili bora kuliko alivyokuwa waziri mkuu, na mwanasiasa wa kampeni bora kuliko vyote viwili.

Ushahidi wa hilo kijana aliutoa vizuri nje ya ikulu ya Belém, ya rangi ya waridi. Januari 1986 Soares aliingia mbio za urais akiwa hapendwi, nchi imechoshwa na ukata wake. Akafanya kampeni Marinha Grande, mji wa viwanda vya vioo, wafanyakazi wakampiga. Badala ya kummaliza, kipigo kikamnyanyua. Duru ya kwanza alipata kama asilimia 25 dhidi ya 46 za Freitas do Amaral, profesa wa sheria wa mrengo wa kulia. Duru ya pili, 16 Februari, Cunhal, mwalimu wake wa zamani na hasimu wake, aliwaambia wakomunisti wampigie Soares kura hata ikibidi wazibe picha yake kwa mkono. Akashinda kwa asilimia 51. Miaka mitano baadaye alirudishwa kwa asilimia 70. Angeishia hapo. Mwaka 2006, akiwa na miaka 81, aligombea tena akawa wa tatu kwa asilimia 14.

Makumbusho ya Urais yako hapo hapo. Kuna ukumbi wa picha rasmi za marais, na ya Soares, kazi ya Júlio Pomar, utaitambua bila kusoma jina: mistari imechorwa kwa haraka, mwili umelegea, hakuna ule ukakamavu wa wenzake. Tulipewa muda mfupi mno, nami nilirudi kivyangu siku nyingine.

Nyota: nne hadi Santa Apolónia, mbili baada ya hapo. Mkiwa na bajeti finyu, lipieni ziara ya nusu siku inayoishia Chiado, ipo na ni nafuu, kisha pandeni tramu namba 15 kwenda Belém wenyewe. Msiende Jumatatu, makumbusho yote mawili hufungwa. Maji bebeni. Mwenye magoti mabovu aseme mapema, maana kijana ana miguu mirefu na vilima anavipanda akiongea. Vifaa vya masikioni walivyotugawia vilikwaruza tangu asubuhi, mimi nilivua changu nikatembea karibu naye.

Na ukimpata kijana huyo huyo, mwulize habari za bibi yake mapema, mkiwa bado Largo do Carmo mnakunywa kahawa. Baada ya Santa Apolónia anatazama saa.